Krenki ya Niyonzima

Lori lilifia kwenye mlima wa Kitahana likiwa na shehena ya mahindi. Kipriani, dereva wa lori hilo na shemeji yake Esteri mwenye lori, alisema injini iligonga kwa ndani mara moja tu, kishindo kizito, halafu ikanyamaza. Walilivuta mpaka Kasulu, na fundi Felisiani aliposhusha sampo, bakuli la mafuta chini ya injini, akakuta krenki imekatika vipande viwili.

Krenki ndiyo uti wa mgongo wa injini. Pistoni zinasukuma, yenyewe inazunguka, gari linakwenda. Na injini hii ilikuwa na turbo, ambayo, kama Felisiani alivyoeleza, huipulizia hewa kwa nguvu hata pistoni zikashuka kwa pigo ambalo chuma dhaifu hakilivumilii. Ilikuwa mwaka tisini na saba. Makambi ya wakimbizi yalikuwa yamefurika, na wenye malori walikuwa wakigombea kupeleka chakula huko. Aliyelala na gari bovu alijikuta nafasi yake imeshachukuliwa.

Kipriani hakulala. Alizunguka mji akapata krenki mpya, ingali ndani ya boksi lake, inang'aa mafuta. Felisiani aliigeuza juani akawaonyesha Kipriani na Esteri mstari mwembamba uliopita ubavuni mwake: alama ya chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Ile ya kufuliwa, iliyopigwa nyundo chuma kikiwa cha moto, alisema, mstari wake huwa mpana. Akaining'iniza kwa kamba, akaigonga kwa spana, na sauti yake ikafa upesi badala ya kulia kama kengele. Kwa lori lisilo na turbo ingefanya kazi miaka mingi. Kwa hili, asingethubutu kuapa.

Ya kufuliwa ilibidi iagizwe Mwanza, na kwa mvua zile hakuna aliyejua ingefika lini. Felisiani alifuta mikono polepole, kisha akalitaja lile ambalo wote watatu walikuwa wakilikwepa. Ipo moja Heru Juu.

Huko Heru Juu, nyuma ya nyumba ya mama mkwe wa Esteri, lilikuwa limekaa lori la pili, pacha wa hili. Niyonzima, mume wa Esteri, alifia ndani yake siku liliposerereka kwenye tope karibu na Kasanda na kupinduka. Mwaka mmoja kabla ya hapo aliibadilisha krenki yake kule Mwanza. Si ya kampuni iliyounda lori, bali ya kufuliwa ya kiwanda kingine, nayo aliichagua baada ya kushinda madukani akigonga na kusikiliza, mpaka wenye maduka wakamchoka. Kibanda cha dereva kilikuwa kimekunjamana chote, lakini injini ilikuwa nzima. Tangu mazishi, mama yake hakuruhusu hata nati moja ifunguliwe.

"Utamuua mama, shemeji," Kipriani alisema. "Tufunge hii mpya. Mlima naupanda mimi."

Esteri alimwambia asubiri, akaenda Heru Juu.

Mama mkwe alimpokea vizuri, ila aliposikia shida iliyomleta aliinuka akaenda kuanua maharage. Hakujibu siku hiyo, wala ya pili. Esteri hakusisitiza. Alikaa naye, akalima naye, na Jumapili wakaenda kanisani. Walipotoka, mama aliuliza nini hutokea krenki ikikatika gari likiwa mlimani. Esteri hakumficha. Injini huzimika, upepo wa breki huisha, na lori lililojaa linaweza kurudi nyuma na mtu ndani.

"Ichukueni," mama alisema mwishowe. "Lakini Kipriani asiwepo mtakapolifungua. Yule alikuwa kaka yake."

Esteri aliporudi Kasulu aliisikia injini kabla hajafika gereji. Kipriani alikuwa ameketi kwenye usukani, anatabasamu. Felisiani alitazama chini. Kipriani alikuwa amemwambia kwamba Esteri amekubali ifungwe ile mpya.

"Isikilize," Kipriani alisema. "Ina kasoro gani?"

Kwa kweli ililia vizuri. Hilo ndilo lililomtia Esteri hofu zaidi. Alipanda, akazima, akachomoa ufunguo.

"Nimeshazika mmoja wa nyumba yenu," alisema. "Wa pili sitamzika."

"Unamwamini marehemu kuliko mimi niliye hai."

Kipriani alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiacha kwenye kiti. Kabla mwezi haujaisha alikuwa akiendesha lori la Abbasi, mfanyabiashara wa Kibondo.

Felisiani alikwenda Heru Juu peke yake akaitoa krenki ya Niyonzima. Aliiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaipaka unga wa chaki na kungoja, maana penye ufa mafuta hujitokeza na kuchora mstari. Chaki ilibaki nyeupe. Wakaipeleka Kigoma kusawazishwa ilipolika, ikafungwa na beringi nene zaidi. Ile ya dukani ilichukuliwa na mzee mmoja wa Kasanda ambaye lori lake halikuwa na turbo. Esteri alimweleza kila kitu asije akalaumiwa. Mzee alishukuru, na hadi mavuno gari lake lilikuwa likitembea bila tatizo.

La Esteri pia lilitembea. Alimwajiri Tamimu, dereva mtaratibu, na safari za kwanza alipanda naye. Mlimani injini ilivuta bila kutetemeka, lakini Esteri aliketi ameshika mlango, akisikiliza. Siku moja wakakutana na lori la Abbasi likishuka. Kipriani alisogea pembeni kuwapisha, kama desturi inavyotaka. Esteri alimpungia mkono. Yeye alikuwa akitazama barabara.

Heru Juu nako Kipriani hakwenda tena. Mama mkwe hakulalamika, ila alikonda, na nyuma ya nyumba hakukanyaga tangu injini ilipofunguliwa. Jioni moja Esteri alipomtembelea, wakiwa wawili jikoni, mama aliuliza bila kuinua kichwa:

"Ile aliyoifunga Kipriani, ingekatika kweli?"

"Sijui, Mabukwe," Esteri alimjibu mkwewe.

Mama alikoleza moto. "Na mimi sijui," alisema. "Ndiyo maana nashindwa kukulaumu, na nashindwa kukushukuru."