Pumzi ya Silinda ya Tatu

Fundi alifungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wake, akachomeka geji ya kupimia mgandamizo kwenye tundu la silinda ya kwanza. Mwalimu, mwenye gari, alikaa kwenye usukani akapiga stata mpaka fundi alipoinua mkono. Sindano ilisoma mia na sitini. Ya pili nzima, ya nne nzima. Ya tatu, sindano ilipanda kivivu mpaka sitini, ikagoma.

Pikapu ile ilikuwa ya baba yake mwalimu, na siku zote mwalimu aliamini mzee aliiuza mwenyewe. Miaka kumi na moja baada ya mazishi ya mzee aliikuta kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Aliitambua kwa mlango wa kushoto, ambao mzee aliupaka rangi kwa brashi ya nyumba. Alitaka jambo moja tu: ipande tena kilima cha kwao kwa gia ya tatu, kama enzi zile wao watoto wakiwa nyuma wanaimba mpaka sauti zinawakauka. Sasa ilipanda kwa gia ya kwanza, tena kwa kubembelezwa.

"Ni valvu au ringi za pistoni," fundi alisema. "Tutie oili kidogo. Sindano ikipanda, basi ringi zimelika."

Alitia kijiko kimoja. Sindano ikapanda mpaka mia na ishirini. Fundi alipochomoa geji, pumzi ya vuguvugu yenye harufu ya tumbaku ilitoka tunduni, na ndani yake sauti ya marehemu mzee ikakohoa.

"Fundi, gari langu limefikia wapi?"

"Shikamoo, baba," mwalimu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe nawe upo? Huyu bwana ananizungusha."

Pumzi ya injini hutorokea palipolika, na mzee alizungumza na gari lile miaka ishirini na sita, sauti yake ikabaki humo. Fundi alifuta mikono polepole. Mwaka mzee alipougua, kaka yake mwalimu aliliuza gari kimyakimya, akamwomba fundi aseme liko gereji. Fundi akaona hayo ni ya baba na mwana, akakubali. Hakutegemea kwamba mzee angepata nafuu ya kutembea.

Kila Jumamosi, miezi minane, mzee alikuja na mkongojo wake, akakaa juu ya tairi, akapiga soga na mafundi. Siku moja fundi alimwonyesha injini ya mtu mwingine, imefunguliwa mezani, akadai ni ya gari lake. Mzee aliipapasa, akaiambia pole. Fundi alimpenda mzee yule, na tangu siku hiyo roho haijaacha kumsuta. Kisha Jumamosi moja hakuja.

"Hakuliuza yeye?" mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini.

Fundi akatikisa kichwa. "Ni kaka yako. Na mimi nikamficha mzee ukweli."

"Mnanong'ona nini nyie?" mzee aliuliza.

Ringi mpya zikiingia, upenyo ungeziba na mzee asingesikika tena. Kama ni kuambiwa ukweli, ilikuwa sasa. Fundi alifungua kinywa. Mwalimu akamwahi.

"Linamaliziwa, baba. Zimebaki ringi tu."

"Haya. Mwambie kaka yako asihangaike kunifuata. Nitarudi nalo mwenyewe."

Kazi ilichukua siku mbili. Fundi alitoa pistoni, akasugua kuta za silinda, akavisha ringi mpya. Geji ikasoma mia na sitini kote. Alilijaribu kilimani, likapanda kwa gia ya tatu bila kuhema. Alikuwa amezima redio na kufunga vioo, akasikiliza njia nzima.

Mwalimu alikuja kulichukua akiwa na kaka yake. Kaka alilizunguka gari, akapiga boneti kwa kiganja, machozi yakamlengalenga.

"Kazi safi, fundi. Mzee angefurahi kweli."

Fundi aliinama kukusanya spana zake. Mwalimu alimfungulia kaka yake mlango.

"Panda," alisema. "Mama anatungoja kule kilimani."