Nyota za Wenye Mikono Miwili

Gemu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya nyota. Nyota tano, watu elfu nne, wote wakiisifu kwenye simu yangu kana kwamba walikuwa wanamsifu mama yao. Mimi Clotilde, mzaliwa wa Kilwa ya ng'ambo, upande wa Kongo, mwanamke ninayemwaga gunia zima la samaki wakavu chini kabla sijakubali bei, nilisoma maneno ya watu nisiowajua nikayaamini. Sokoni Kashikishi, huku Zambia, wangejua wangenicheka mpaka Krismasi.

Nilimnunulia mume wangu. Bwalya alikuwa mvuvi, na propela ya injini ya boti ilimkata mkono wa kulia alipokuwa akiutoa wavu ulionasa. Madaktari wakaumalizia kwenye kifundo. Kabla ya hapo, kila Jumamosi baada ya kuuza samaki, alikuwa kwenye chumba cha gemu cha Given pale karibu na soko, na wanaume wazima walisimama nyuma ya kiti chake kumtazama akicheza mpira wa kwenye skrini. Mwaka mmoja samaki walipokubali alinunua mashine yake mwenyewe, iliyotumika, akaiweka nyumbani. Kelele za hiyo mashine zilinikera sana. Sikujua kwamba nitakuja kuzitamani.

Baada ya hospitali alinyamaza. Hakugomba, hakulia, hakunikosoa chumvi kwenye mboga. Alikaa nyuma ya nyumba akitazama mahindi ya jirani, na kila ulichompa alishukuru, kama mgeni. Ndipo nikanunua ile gemu ya nyota tano, ya mtu anayekimbia na kuruka mashimo. Bwalya aliweka manette pajani, hicho kidude cha kuchezea ambacho watu wa upande huu wanakiita padi. Kidole gumba cha kushoto kilimkimbiza yule mtu vizuri tu, lakini kuruka, kushika, kupiga, vyote vilikuwa kwenye vitufe vya kulia. Yule mtu akaanguka kwenye shimo. Akaanguka tena. Binti yetu Luse, wa miaka sita, akampigia baba yake kelele, "Tata, ruka!" Alipoanguka mara ya nne, Bwalya aliweka padi chini polepole.

"Aksanti, bana Luse," akaniambia, yaani mama Luse kwa Kibemba chake, akatoka nje.

Ningefurahi kama angeirusha ukutani. Jioni hiyo aliifunga mashine kwenye kitambaa akaniambia niitafutie mnunuzi.

"Unipe juma mbili," nikamwambia. "Gemu moja tena, moja tu. Nikikosea, nitauzisha yote."

"Sawa," akasema, na nilijua amekubali kwa sababu kukataa kungemchosha zaidi. Nilimfahamu mume wangu. Akishindwa mara ya pili hatashika tena padi, na sikujua ni nini kingine angeacha kukishika baada ya hapo. Kwa hiyo nafasi ilikuwa moja, na sikukusudia kuitupa.

Kesho yake nilikwenda kwa Given. Ni kijana mwenye maneno mengi, na heshima za Kibemba hazimtoki mdomoni, bamaayo huku, mukwai kule, na pembeni ya skrini zake nne anauza CD za gemu, mpya na kuukuu. Nilimweleza shida yangu. Akafikiri kidogo, akanitolea gemu ya kuvua samaki.

"Hii iko sawa na ye, bamaayo. Ni muvuvi, hapana?"

Nilimtazama mpaka akairudisha mwenyewe. Akatoa ya magari, yenye karatasi inayong'aa.

"Hii batu bote banaisifu. Five star, mukwai. Kule Lusaka njo hii banacheza."

"Nani aliicheza na mukono moja?"

"Aah, bamaayo. Nani atacheza na mukono moja?"

"Bwana yangu. Njo maana minakuuliza."

Akaanza kuifuta CD kwa shati lake, na ndipo kitu kikanikaa sawasawa kichwani. Zile nyota zote zilikuwa zimetolewa na watu wenye mikono miwili. Hawakunidanganya. Walisema kweli yao, nami nikainunua kana kwamba ni yangu.

Nikaanza kutafuta kweli yangu. Kila nilipopata mtandao nilifungua video za watu wanaoeleza gemu. Wanaongelea picha nzuri, wanaongelea hadithi, wanaongelea muziki, hakuna hata mmoja anayekuambia kidole kipi kinafanya kazi gani. Niliandika maswali chini ya video. Wengine walinitumia vile vikatuni vinavyocheka hadi machozi. Mmoja aliniambia nimnunulie mume wangu redio. Huyo nilimjibu kwa Kibemba na Kifaransa, na sitarudia hapa nilichomjibu.

Kulikuwa na mmoja wa Lubumbashi, Eddy, anayeongea Kiswahili chetu cha kuchanganya Kifaransa na kufuatwa na watu wengi. Aliisifu sana ile ya magari. Nikamtumia sauti, nikamweleza kuhusu mkono. Hata dakika tano hazikupita.

"Oui, mama, hakuna shida! Atacheza bien. Njo gemu ya mwaka, ile."

"Ulishajaribu na mukono moja?"

Siku hiyo kimya, kesho yake kimya. Nikasema haya, mwingine kama yule wa redio. Siku ya tatu sauti ikaingia, na haikuwa ile sauti yake ya kwenye video, ilikuwa ya mtu wa kawaida tu.

"Mama, unisamehe. Nilikujibia mbio. Jana nilikalia mukono ya kuume, nikajaribu. Kona ya kwanza tu, niko mu mti. Franchement, asinunue. Utafute zile za zamani, zenye unaweza kugeuza vitufe, uvilete vyote upande wa kushoto. Mais gemu gani, sijui. Sitakudanganya mara ya pili. Ujaribu weye mwenyewe."

Niliisikiliza mara tatu. Katika watu wote niliowauliza, huyu ndiye wa kwanza kusema hajui, na nikaanza kumwamini hapo hapo. Halafu nikacheka, maana sijawahi kushika padi maishani. Mimi ninayegombana na simu yangu mwenyewe!

Lakini kama hakuna aliyejaribu, basi angejaribu Clotilde. Jumatatu, malori yalipomaliza kupakia samaki, nilikunja ngumi ya kulia, nikaifunga kwa kitenge mpaka kwenye kiwiko, nikaingia kwa Given nikaketi mbele ya skrini. Vijana watatu walikuwa ndani. Mmoja akauliza kama nimeungua. Given alipoelewa alicheka mpaka akashika mlango.

"Cheka umalize," nikamwambia. "Halafu unioneshe penye banawasha."

Nilishindwa. Nilishindwa gemu ya magari, nikashindwa ya ndondi, ambako bondia wangu alisimama akipokea ngumi kama mtu anayepokea sadaka. Padi iliteleza pajani ikaanguka, nikaiokota, ikaanguka. Nikajifunza kuibana kwa ile ngumi iliyofungwa. Kidole gumba kikauma hadi usiku nisiweze kumenya kitunguu. Jumanne nikarudi. Jumatano sokoni wakaanza kusema mama Luse amepata kijana kwenye chumba cha gemu, na mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza wazi. Nikamwambia ndiyo, nimepata bondia, tena ananipiga kila siku.

Sikuwa na raha kama nilivyojifanya. Pale kwenye kiti, ngumi ikifa ganzi ndani ya kitenge, ndipo nilipojua kile alichokuwa akikijua Bwalya. Mkono uliofungwa unataka kwenda. Kitufe kiko pale, unakiona, na mwili wako unainuka kukifuata, halafu hakuna kitu. Mimi niliweza kufungua fundo nikaenda nyumbani. Nilitokwa na machozi mbele ya vijana wale, nikawaambia ni moshi wa samaki.

Alhamisi Given hakucheka. Alikuwa ameleta boksi la CD za zamani kutoka kwao, zile ambazo hakuna anayezinunua, na mkono wake wa kulia alikuwa ameutia mfukoni.

"Tujaribu bote, bamaayo," akasema.

Tulizipitia. Nyingi hazikukubali kugeuzwa vitufe. Katikati ya boksi kulikuwa na moja ya mpira, ya miaka mingi nyuma, imekwaruzwa. Nikaitafuta kwenye simu: nyota mbili. Walisema picha mbovu, wachezaji wana nyuso za mbao, watangazaji wanarudia maneno yale yale. Given akafungua mipangilio, akahamisha vitufe kimoja kimoja upande wa kushoto. Gumba kukimbia, kidole cha shahada kutoa pasi, cha kati kupiga. Nikaanza. Mchezaji wangu wa mbao akakimbia, akatoa pasi, mwenzake wa mbao akapokea, nikabonyeza, na mpira ukaingia wavuni.

Nilipiga ukelele hata muuza mkaa akaja kuona nani amekufa.

Given alitaka kunifungia CD palepale. Nikakataa. Samaki wa juu ya gunia daima ni wazuri, nilitaka kuona wa chini. Nilicheza Ijumaa asubuhi yote na Jumamosi, nikiitafutia ubaya. Niliupata. Frikiki haipigiki, inataka kidole gumba cha pili. Baada ya nusu saa mkono wa kushoto unakaza. Golikipa ana mikono miwili na bado ni mjinga. Nilipoyajua haya yote nikainunua, maana sasa nilikuwa najua ninachonunua.

Jumapili baada ya kanisa nilifungua kitambaa, nikaunganisha mashine, nikageuza vitufe kama nilivyofundishwa. Bwalya aliletwa na Luse kwa kuvutwa shati. Alikaa akiwa na ile sura yake ya shukrani.

"Picha yake mubaya," nikamwambia. "Frikiki hautaweza. Nyuma ya nusu saa mukono utauma, utapumuzika. Lakini utacheza."

"Nani alikuambia?"

"Mimi."

"Wewe." Alinitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Wewe unajua nini ya gemu?"

Nilichukua padi ya pili, nikaukalia mkono wangu wa kulia, nikachagua timu. Nikamwonesha vidole vitatu na kazi zake, mara moja, nikaanzisha mchezo.

Kanisani, wakati wengine wanaomba, nilikuwa nimejiuliza kama nimwachie ashinde. Lilikuwa wazo tamu. Lakini kumwachia ni kumpa nyota tano nyingine za uongo, na mtu huyu amecheza maisha yake yote, angejua kabla ya dakika kumi. Basi sikumwachia. Nilimfunga goli la kwanza akiwa bado anatafuta kitufe cha pasi. La pili nilimfunga baada ya kumpora mpira miguuni. Alianza kuegemea mbele. Bila kujitazama aliutoa mkono uliokatwa kutoka ndani ya koti, akaibana padi nao pajani. Nilimfunga la tatu, na filimbi ikalia.

Padi ilikuwa bado pajani mwake, na mimi nilikuwa nikiitazama ile padi tu, nikisubiri aiweke chini polepole. Nikajuta. Nikajiambia Clotilde, kichwa chako kigumu kimemmaliza mume wako.

"Ya tatu ilikuwa ofsaidi," akasema Bwalya.

"Apana."

"Ofsaidi! Nilimuona kwa macho yangu. Luse, haukumuona?" Sauti yake ilipanda mpaka kuku wakatawanyika mlangoni. "Na ya pili uliniangusha. Weye ni mwizi, bana Luse, mwizi kabisa, na hii gemu yako ni ya taka taka, na ile golikipa… ile golikipa ni mukwe yako?"

Nilikuwa nimeuma midomo ili nisicheke wala nisilie, na nilikuwa karibu kufanya vyote viwili. Niliinuka, nikasema bukari, ugali wetu wa Kongo, iko tayari, itapoa.

"Ipoe. Ikaa. Hautoki hapa. Tia ingine."

Nikakaa, nikaukalia mkono wangu, nikatia ingine. Hata hiyo sikumwachia.