Ufuta wa Kitgum

Mama yake Amony alipofika kutoka Kitgum, hata chai hakungoja. Aliosha ufuta aliokuja nao, akautandaza kwenye mkeka mbele ya nyumba ya binti yake, katika kambi ya askari ya Bwera, chini ya mlima.

Amony akatupa jicho mlimani. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba.

"Mama, tuuanue. Mvua hiyo."

"Mvua Desemba? Umerogwa, mwanangu?"

Amony akacheka. Alizikumbuka Desemba za kwao: nchi tambarare, nyasi kavu, vumbi puani, na mgeni anayeonekana tangu mbali, hata ukamchemshia chai kabla hajafika. Miaka kumi na miwili iliyopita, alipohamia hapa na mumewe, naye alibisha vivyo hivyo, na maji yakausomba ufuta wake wote hadi barabarani.

Matone yakaanza. Wakaukunja mkeka, wakakimbilia ndani.

Mama akajipangusa uso, akaitazama mvua, kisha akamtazama binti yake.

"Nilikuja kukuuliza utarudi nyumbani lini," akasema. "Basi, siulizi tena."