Mstari Mwekundu wa Alois

Mimi, Nassibu bin Abasi, Tarishi Mkuu wa kompyuta ya kwanza kuwashwa bwenini kwetu Tabora, natangaza kwa heshima zote kwamba mtambo ule uliweza kufikiri kabla ya kutenda. Mtambo wenyewe ulikuwa wanafunzi tisa, madawati manne na stoo ya majembe. Uliendeshwa kwa uji.

Ulikuwa mwaka wa themanini na mbili. Mwalimu Lugembe alikuwa amerudi kutoka masomoni Uskoti na habari za lugha za kompyuta ambamo kila kitu ni kanuni: unaipa kitu, inakupa kitu. Kompyuta hakurudi nayo, kwa hiyo kila mwanafunzi akawa kanuni moja. Walikaa mbalimbali wasinong'onezane majibu, nami nikawapelekea karatasi.

"Mashine yenye akili ni mvivu," alitufundisha. "Haifanyi kazi mpaka jibu lake litakiwe. Lakini kazi ambayo ni lazima itakiwe, bora ianze mapema. Utaijuaje kabla hujaanza? Mnyapara wa msafara, kabla ya kuvuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, hakuhesabu hatua. Kila kambi aliiulizia jambo moja tu: pana maji, hapana maji? Kambi kavu ikiwa pale ambapo lazima upite, msafara umekufa. Ikiwa njia ya pembeni, huenda usifike huko kabisa. Basi ijaribu kila kazi: jifanye ni kambi kavu. Safari nzima ikifa, kazi hiyo ni ya lazima. Ipige mstari mwekundu."

Aliyepata mstari mwekundu aliianza kazi papo hapo na hakuinuka mpaka apate jibu. Kornel, kiranja wetu aliyekuwa kanuni kuu, hakuanza mpaka karatasi zote nyekundu zimrudie.

Jumamosi ile alikuja mkaguzi, Bwana Hilari. Mwenzetu Masele angerudufisha namba ya mgeni, yaani kuizidisha kwa mbili, nami nimpelekee Kornel. Namba ikiwa shufwa, ndiyo jibu. Ikiwa witiri, Kornel amuulize Alois aliyekaa stoo. Na namba iliyorudufishwa ni shufwa daima, kwa hiyo Alois asingeulizwa kamwe. Karatasi yake ilisema: tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe, tarakimu ya mwisho ni mbili. Haipo. Ilikuwa kambi kavu, imewekwa makusudi ili mgeni aone mashine ikiipita bila kuigusa.

Mwalimu alimpa Alois kiti hicho kwa huruma. Alikuwa na ruhusa ya treni ya saa nane kwenda Tura, na mfukoni vidonge vya malaria vya mama yake, Apolinaria, alivyovingojea misheni wiki mbili nzima kwa uhaba wa mwaka ule. Angekaa kidogo, kisha aende zake.

Lakini wiki nzima Alois alikuwa akiniita Posta. "Posta, leo hakuna barua?" Bweni zima likaitika.

Nilikuwa na penseli nyekundu.

Nilikusudia dakika kumi tu, kisha niufute, Mungu shahidi. Nilipoipokea karatasi ya Alois kwa mgeni, nikaipiga mstari, nikamwonyesha Kornel ili aihesabu miongoni mwa nyekundu, nikaipeleka stoo. Niliporudi, Mwalimu akanituma mjini kumtafutia mgeni soda. Duka la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Nilipoipata chupa moja ya moto huko sokoni, treni ilipiga honi. Nilikimbia na soda ile hadi shuleni ikitoka povu.

Bwana Hilari alikuwa ameshaondoka, kachoka kungoja. Kornel alikuwa bado amekaa kama sanamu mbele ya namba ya Masele, ishirini na sita, akingoja karatasi ya pili bila kumwambia mtu ni ya nani. Mwalimu alidhani Alois yuko safarini zamani. Nikaenda stoo.

Alois alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia lililojaa hesabu za chaki.

"Nimefika mia tatu na kumi na tisa," alisema bila kuinua uso. "Waambie iko karibu."

"Treni imeondoka, Alois."

"Nimeisikia. Lakini mashine ilikuwa inaningoja."

Tuliporudi kwa wenzetu, Mwalimu alituona wawili, akakaa kwenye dawati. "Kosa ni langu, mwanangu," alimwambia Alois. "Nimepiga mstari pasipo mahali pake. Treni nyingine ni Jumatatu. Nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi mama."

Niliificha mikono nyuma; vidole vyangu vilikuwa na wekundu wa penseli.

Kisha Mwalimu akaichukua karatasi ya Alois, akaitazama. "Ngoja. Bwana Hilari aliishika hii, akanisifu kwa kutoipiga mstari. Kornel, wewe uliionaje?"

"Ilikuwa na mstari, Mwalimu."

"Basi hatuna haja ya kuirudia siku nzima. Toka kwa mgeni hadi kwa Kornel, kuna kambi ngapi?"

Kornel alinitazama. Masele akanitazama. Alois tu ndiye aliyekuwa akivihesabu vidonge vyake upya kwenye kiganja, kama vile huenda vimepungua.

"Moja," nikasema. "Ni mimi, Mwalimu. Alois, ni mimi. Nilitaka uchelewe chakula tu."

Alois alivirudisha vidonge mfukoni, akafunga kifungo.

"Mama huwa anakuja stesheni," alisema. "Hata akiwa na homa."