Modemu na Namba Sita

Pale kituo cha hali ya hewa walimwita Injinia, naye hakuwahi kuuliza kama walikuwa wanamtania. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya wiki mbili tu, akarudi na amri za modemu kichwani: ATDT ya kupiga namba, ATH ya kukata, na nyinginezo. Kila asubuhi aliziandika kwenye kompyuta, modemu ikapiga makao makuu, vipimo vya mvua vikaenda kwa laini ya simu.

Siku hiyo karani, mwanamke asiye na maneno mengi, alimsogezea karatasi yenye namba mpya ya makao makuu. Injinia akaitupia jicho, akairudisha. Alisema namba sita tu za simu si kitu cha kuandikiwa mtu mzima. Akaandika ATM0 kuzima spika, maana makelele ya modemu, mlio kama wa filimbi, yalimuudhi, kisha akapiga kwa kumbukumbu.

Kioo kikajibu NO CARRIER, yaani upande wa pili hakuna modemu iliyoitika. Akaandika A/, amri ya kurudia ile ya mwisho. Wapi. Akairudia mara saba kwa jumla, huku akimweleza karani jinsi nyaya za mtaani zilivyooza na wale wa makao makuu walivyo wazembe.

"Si uwashe sauti tusikie?" karani akasema.

Akaandika ATM1, akapiga tena namba ileile. Spika ikakoroma, ikatoka sauti ya mama mkwe wake.

"Wewe mwenye filimbi, tangu asubuhi unanipulizia sikioni. Unataka nini?"

Angegusa kitufe chochote, simu ingekatika. Lakini karani alikuwa anamtazama. Akanyanyua simu iliyounganishwa na modemu.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, mkweo. Nimekosea namba."

"Mara tisa?"

"Mara tisa, mama."

Mama mkwe akasema mwaka mzima hajapata salamu zake, kwa hiyo hata filimbi si haba. Akamweleza habari za mgongo wake na za bomba linalovuja. Injinia aliitikia yote amesimama wima kama mwanafunzi, karani akijifanya anasoma daftari la mvua.

Vipimo vilichelewa. Jumamosi alikwenda na mkewe kutengeneza bomba, akakuta majirani wote wameshahadithiwa. Hakukanusha. Pale mama mkwe alipokuwa amesahau kipande cha kisa, Injinia aliongezea mwenyewe.