Kigelegele cha Mapema

Kigelegele kilikwisha kunitoka ndipo nikaona watu wananikodolea macho. Tulikuwa Maswa, nyumbani kwa mchumba wa mdogo wangu Maduhu, kupatana ng'ombe wa mahari. Mzee Sylvester, msemaji wa upande wa binti, alikuwa amesimama akisema kwamba mvua zimetupita pembeni mwaka huu, malisho yamekauka, kijana wetu ni mchapakazi, na ng'ombe tuliowataja ni heshima tosha. Aliyasema vizuri kuliko tulivyoyasema wenyewe. Sasa hapo nisishangilie kwa nini?

"Tulia, mayu," akaniambia kwa upole, akiniita mama kwa Kisukuma. "Hayo ni yenu. Nimeyarudia ili mjue nimewasikia. Sasa sikieni yetu."

Watu wakaangua kicheko. Aibu iliyonishika, we acha tu! Lakini wifi yangu Violeth, mke wa kaka Masele, hakucheka. Alimkazia macho yule mzee kama mtu aliyemwona ndama wake aliyepotea akichungulia kwenye zizi la jirani.

Violeth alikuwa akitafuta nafasi katika chuo cha uchungaji. Mtihani wa kuingia una vifungu vya falsafa, vigumu kama mfupa wa paja. Unasoma, kisha unaulizwa mwandishi anaamini nini. Hapo ndipo alipoangukia mara ya kwanza, na ya pili pia. Ya tatu ilikuwa ya mwisho. Baada ya hapo chuo hakimpokei mtu tena. Lakini mwanamke yule, jamani, ana moyo! Msimu mzima wa kuvuna pamba pale kwetu Zagayu alitembea na karatasi zake kiunoni, anavuna huku anakariri aya kwa sauti. Mimi ningekwisha kuziwashia moto wa viazi.

Tuliporudi nyumbani alinivuta uani.

"Wifi, kosa lako la leo ndilo langu la siku zote."

"Na wewe umeanza kunicheka?"

"Sikucheki. Mwanafalsafa anaanza na maneno ya yule anayebishana naye. Anayapamba, anayapa heshima yake, nami nadhani amekubali. Najibu hapo hapo. Kumbe la kwake hajalisema bado!"

"Sasa utajuaje akilisema?"

"Namsubiri ageuke. Nisipoona alipogeuka, sigusi kalamu."

Basi akaanza upya, kifungu baada ya kifungu, kila aya akijiuliza: hapa anasema nani? Siku ya mtihani alikwenda Bariadi kwa bodaboda, kitenge kipya kiunoni. Akafaulu. Nililia kwa furaha hadi watoto wakaniogopa.

Akabaki baba yetu, mzee Marcelo. Yeye alikwisha kusema hakubali mkamwana wake aishi chuoni, na bila neno lake hatoki mtu katika kaya ile. Siku ya kikao cha kuamua jambo hilo kaka Masele akasimama mbele ya ukoo. Alikuwa hajamwambia yeyote yuko upande gani, hata mkewe.

"Baba," akaanza, "mke kuishi mbali na kaya yake ni jambo zito. Watoto wanamhitaji mama yao. Pamba haijipalilii. Na watu watasema Masele ameshindwa kutunza nyumba."

Damu ikanichemka. Kaka gani huyu! Nikawa nimeinuka nusu, maneno makali yapo kwenye ncha ya ulimi, Violeth akanidaka mkono. Macho yake hayakumbanduka mumewe.

"Kaa, wifi," akaninong'oneza. "Hajageuka."

Kaka akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Hayo ndiyo yako, baba," akasema, "na nimeyasikia yote."

Nikajiziba mdomo kwa nguvu, kigelegele kisinitoke mapema.