Blanketi za Bibi Nazaria

Bibi yangu Nazaria alikuwa mkunga. Katika vijiji vyetu vya milima ya Puebla, nchini Meksiko, watoto wengi wa rika langu walipokelewa na mikono yake, nami nikiwemo. Saratani ilipomfika kwenye mifupa ya nyonga, madaktari wa mjini walimpasua kidogo tumboni, wakamwekea chini ya ngozi pampu ya chuma, duara, nene kama kopo la rangi ya viatu. Mrija mwembamba ulitoka hapo ukazunguka hadi kwenye uti wa mgongo, na mofini, dawa ya kutuliza maumivu, ikawa inadondoka humo polepole, saa zote. Kabla ya hapo alikuwa akiuma kitambaa ili tusimsikie. Baada ya hapo alirudi kukaa jikoni na kuchambua maharage.

"Nimeshika mimba uzeeni," aliwaambia wageni, akiwashikisha ule uvimbe. "Ila mtoto mwenyewe mvivu, hapigi hata teke."

Pampu ile haina betri. Ndani yake mna gesi, na joto la mwili ndilo linaloifanya gesi ikamue dawa. Mwili ukizidi joto, dawa nayo huzidi. Daktari alinieleza hayo siku tuliyoruhusiwa kuondoka, kwa sababu nilikuwa nimemaliza masomo ya uuguzi mwezi mmoja nyuma, na mimi ndiye niliyeweza kumfasiria bibi kwa Kinahuatl, lugha yetu. Nikamwambia asioge maji ya moto, na akipata homa aseme mapema. Akaitikia. Nikaona kazi yangu imekwisha.

Temaskali sikuitaja. Haikunijia hata akilini. Kwetu temaskali, kijumba kile cha mawe nyuma ya nyumba, ambacho mtu huingia kwa kutambaa, si mahali pa kuoga. Mawe huchomwa mpaka yawe mekundu, yakamwagiwa maji, na mkunga huingia mvukeni pamoja na mzazi, akampigapiga kwa majani ili kumrudishia joto aliloliacha katika uchungu. Mtu akitoka humo hufungwa blanketi na kulazwa. Akilala fofofo, watu hufurahi, maana joto limeshika. Kumwamsha ni mwiko.

Mwezi wa pili baada ya hapo, dada yangu Maurilia alijifungua mtoto wa kike. Juma hilohilo bibi alikuwa amejaziwa pampu na kuongezewa kipimo cha dawa. Mimi nilikuwa kazini kwenye zahanati ya bondeni. Niliporudi mchana niliwakuta jikoni, wamechangamka.

"Shh!" Mama mdogo Gaudencia aliniwekea kidole mdomoni. "Bibi yako kalala. Kaingia mwenyewe na Maurilia, kampiga majani mgongoni kama zamani. Ungemwona!"

"Kaingia wapi?"

"Temaskali, wapi tena? Ulitaka nimwite mkunga wa kuazima?"

Naona aibu kusema, lakini kwa kitambo kidogo nilifurahi pamoja nao. Bibi alikuwa akikoroma chumbani, naye hakuwa amelala vizuri tangu mwaka uliopita. Nilichukua chapati ya mahindi nikaanza kula. Kisha mkoromo ukakatika. Nikangoja. Ukaja mmoja, ukakatika tena.

Niliingia mbio. Walikuwa wamemfunika blanketi nne za sufu. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya buluu. Nilimfunua kope, mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Nikahesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi: sita kwa dakika nzima.

Nikaanza kuzivua blanketi.

"We Otilia!" Mama mdogo alinidaka mkono. "Unamvua mtu aliyetoka temaskali, na ukungu wote huu nje? Ndiyo mliyofundishwa huko chuoni, kuua wazee kwa baridi?"

"Mama mdogo, ni joto ndilo linalomuua. Dawa inamiminika mgongoni. Kila blanketi inaikamua zaidi."

"Kalala tu! Sisi tumelala hivyo wote, na wewe je, hukulala?"

"Sisi hatuna pampu."

Hakuniachia. Aliyesema ni Maurilia, akiwa kwenye mkeka wake chumbani humo, na mtoto kifuani. "Mama mdogo, mwachie. Fidencio, washa pikipiki, kamlete daktari. Mwambie bibi kazidiwa na mofini, aje na dawa ya kuizima."

Mumewe akaondoka. Nilifungua mlango na dirisha, nikamfuta bibi kwa vitambaa vya maji ya baridi, nikamtikisa bega. Mtu aliyelemewa na mofini husahau kupumua, lakini akikumbushwa, anaweza kutii. Kwa hiyo nilimkumbusha, kwa maneno aliyowaambia yeye mwenyewe wanawake wa kijiji chetu kwa miaka arobaini.

"Vuta, mama. Shusha. Usiniache. Vuta tena."

Alivuta. Kila nilipoacha, naye aliacha. Sauti ilipoanza kunikauka nilisikia nyingine ikinipokea. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti upande wa pili, machozi yanamtiririka. "Vuta, mama. Shusha, mama."

Daktari alifika baada ya dakika arobaini, akamdunga dawa hiyo kidogokidogo. Bibi alifumbua macho, na maumivu yakaamka pamoja naye. Aliomba kitambaa chake cha kuuma. Hapo ndipo nilipolia.

Siku ya tatu, dawa ilipokuwa imerudi kwenye kipimo chake, nilimweleza yote. "Kosa ni langu, bibi. Nilikufasiria maneno ya daktari, nikasahau nyumba yetu."

"Daktari wa mjini haijui temaskali," alisema. "Wewe unaijua. Basi rudi kamwambie, ili awaonye na wengine." Kisha akashika uvimbe wa tumboni. "Na Maurilia amebakiza mara tatu za temaskali. Nani ataingia naye?"

Nilianza kukunja blanketi.

"Acha blanketi. Kalete majani."

Asubuhi ya juma lililofuata tulimkalisha bibi kwenye kiti nje ya kijumba, mbali na moto, shali nyepesi mabegani, ukungu ukipita kati ya mibuni. Mimi nilitambaa ndani na dada yangu. Giza lilikuwa zito na mvuke ukanichoma pua.

"Maji kidogo!" sauti yake ilipenya mlangoni. "Siyo kama unamwagia bustani! Sasa majani, anzia miguuni."

Nilianzia miguuni. Maurilia alishusha pumzi ndefu. Tukafumba macho sote wawili, kwa sababu palikuwa pazuri.

"Nyie!" bibi akaita. "Semeni na mimi, nijue mnapumua."

"Tunapumua, bibi," nilijibu. "Na wewe?"

Nikasikiliza mpaka alipojibu.